Tochi Haivai Sweta

Alizaliwa wapi, na nani, msiniulize. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta pale Karatu, kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro, miaka mingi kuliko niliyokaa na mume, na sikuwahi kumuuliza ukoo wake. Kila nilipofungua mdomo, yeye wake ulikuwa wazi zamani. Mji mzima ulimwita Mzee wa Tochi. Mimi nilimwita jirani, na siku akiniudhi nilimwita majina ambayo anayajua padre wangu peke yake.

Mimi nilikuwa na mgahawa: supu ya mbuzi asubuhi, chapati na chai kutwa nzima. Yeye alikuwa na duka jembamba kama kabati, na ndani ya kabati hilo hakuuza kitu kingine chochote isipokuwa tochi. Mtu akipita kuulizia sabuni alifukuzwa. Akiulizia kiberiti alipewa hotuba. "Kiberiti ni cha mtu aliyekata tamaa," alisema, na yule maskini aliondoka akiona haya, asijue amekosa nini.

Sasa usifikiri tochi Karatu ni mchezo. Sisi tumepakana na msitu, na msitu ule hauna adabu. Mahindi yakianza kubeba, tembo anashuka bila hodi, nguruwe pori wanaleta ukoo mzima, na nyati ndiye mbaya wao, maana haji kula tu, anakuja na ugomvi. Mkulima analinda shamba kwa debe na tochi. Mlinzi wa kempu ya watalii ana rungu na tochi. Mfugaji wa Loliondo, fisi akizunguka zizi, ana mkuki na tochi. Jirani yangu alilisema hivi: "Tochi ikikuzimikia sebuleni utajikwaa kwenye stuli. Ikikuzimikia mbele ya nyati, sisi tunakuja kwako kula wali."

Ndiyo maana neno lake lilikuwa zito. Mtu aliweza kununua tochi Arusha, Moshi, popote, lakini kabla hajaiingiza shambani aliipitisha kwanza kwa mzee. Mzee alisema "chukua" au alisema "tupa", na ndiyo basi. Neno hilo ndilo lililokuwa mali yake. Duka likiungua angejenga jingine kwa mabati mawili matatu. Neno likiharibika, hana kitu, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kichekesho ni kwamba alipima tochi mchana kweupe. Hakutazama mwanga hata mara moja. Watu walimletea tochi wakidhani atazima taa, atafunga mlango, atamulika ukutani. Wapi! Aliketi kwenye benchi langu juani, akawasha tochi, akaiviringishia kiganja shingoni, akafumba macho, na kwa mkono mwingine akanywa chai. Chai yangu ndiyo ilikuwa saa yake. Kikombe kikiisha, hukumu imetoka.

"Mzee, hutazami mwanga?" mgeni angeuliza.

"Mwanga hata mjinga anauona. Mwanga ni maneno. Joto ndiyo tabia."

Nadharia yake niliisikia mpaka nikaweza kuiimba nikikanda unga. Taa yenye nguvu ina moto, hakuna ubishi, na moto lazima uende mahali. Tochi nzuri inautoa moto nje, kwenye chuma, mpaka unaufikia mkono wako. Ukiona imepata joto mkononi, mshukuru Mungu, maana imehema. Tochi mbaya inaubana moto tumboni. Nje baridi, ndani inaungua yenyewe: kwanza mwanga unafifia, halafu unakuwa na rangi ya ugonjwa, halafu unabaki wewe na nyati. "Mgonjwa anayetoka jasho atapona," alisema. "Wa kumwogopa ni yule mwenye homa kali na ngozi ya baridi."

Lakini nani alimwelewa? Watu wetu walitaka tochi baridi. Mtu alinunua tochi nzuri ya chuma, akaiona imepata joto, akarudi mbio kama amebeba mtoto mgonjwa. "Mzee, tochi yako ina homa." Kulikuwa na mkulima mmoja wa Qurus, mtu mpole, mrefu, mwenye kusikiliza kila ushauri isipokuwa ule mzuri. Huyo aliona tochi yake imechemka, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe. Akamletea mzee ikiwa inatoa mapovu. Mzee aliitazama, akamtazama mkulima, akaniita mimi nitoke jikoni nije kushuhudia.

"Mchaga! Njoo uone mtu aliyembatiza tochi!"

Hayo ya ndoo yalikuwa afadhali. Balaa lilikuwa sweta.

Karatu kuna baridi, hasa Juni na Julai, na chuma cha tochi asubuhi kinauma vidole. Na wanawake wetu wanajua kufuma. Mji ule kila kitu kilivalishwa: redio ina kitambaa, chupa ya chai ina gauni, kochi lina shuka la maua, hata mtungi wa maji una kofia. Basi wakaanza kuzivalisha tochi. Sweta la sufu, limebana vizuri, lina rangi mbili na kifundo cha kuning'inizia. Mke wa yule mkulima wa Qurus alikuwa bingwa. Alimfumia mumewe sweta la tochi la kijani na nyekundu, likapendeza hadi majirani wakaagiza.

Tochi zikaanza kufa kama kuku wenye mdondo. Kichwa kinayeyuka, bakuli la ndani linalong'aa linageuka kahawia, waya unatoa harufu. Wakaja kumlaumu mzee. Siku hiyo benchi langu lilikuwa na watu wamebana, kila mmoja na maiti yake ya tochi, na kila maiti imevaa.

"Vua!" alipiga kelele. "Vueni zote!"

"Babu," mke wa mkulima alisema, naye alikuwa amekuja mwenyewe kutetea kazi yake, "si baridi? Mume wangu anashika chuma usiku kucha."

"Mama, baridi ni ya mumeo. Mvalishe mumeo! Tochi haivai sweta. Wewe ukiwa na homa nikufunike kwa magodoro matatu, utafurahi?"

"Nitatoka jasho, nitapona. Si wewe mwenyewe unayesema hivyo?"

Weee! Benchi zima liliangua kicheko. Jirani yangu alikunywa chai ambayo haimo kikombeni, halafu akaanza kuzivua tochi moja moja hadharani, kwa hasira, na akina mama wakageuza nyuso kana kwamba anavua watu.

Ukali wake ulikuwa na mipaka lakini, na mipaka yenyewe ilitegemea mtu ana silaha gani. Alikuja morani mmoja kutoka Ololosokwan, amejifunga lubega, sime kiunoni, na tochi yake ameishonea ala ya ngozi ya mbuzi yenye shanga mwanzo hadi mwisho. Kazi ya mikono ya mama yake, alisema. Tulisubiri kusikia "vua!" Mzee aliigeuza, akakohoa, akaisifu ile shanga ya bluu, akasifu na ile nyeupe. Mwishowe alisema kwa sauti ya mtu anayeomba mchumba: "Mwanangu, ala hii ni nzuri mno kwa tochi. Ningekuwa wewe ningeitunzia kitu cha thamani zaidi."

Morani alipoondoka nilimwambia, "Leo mbona hukuvua?"

"Umeiona ile sime?" alinijibu. "Mimi ni mzee wa tochi, siyo shujaa."

Na huyo morani ndiye aliyetuachia hadithi ya mbavu. Mzee alipenda tochi ambayo shingo yake imechongwa mistari mistari, chuma kimetokeza kama mbavu, maana pale ndipo joto linapopata mahali pengi pa kutokea. Akamwonyesha morani tochi ya namna hiyo: "Ona mbavu hizi, hii ndiyo tochi." Morani akaipokea, akaipapasa ubavuni kama anavyopapasa ndama mnadani, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Mzee, hapana. Hii imekonda. Kwetu kitu cha kuonekana mbavu hatununui." Akachagua nyingine kwenye boksi la zile zilizokwisha kuambiwa "tupa", nene, laini, imenona, na haifai kwa lolote. Mzee alimpa ile yenye mbavu kwa bei ileile ya mbovu ili tu aondoke na kitu cha maana. Hilo msimwambie mtu. Mji mzima ulimjua kuwa ni mkono wa birika.

Kwa habari ya thamani, alikuwa na msimamo mmoja: bei ni kitu anachokitaka muuzaji, thamani ni kile kinachobaki siku ya matatizo. Dereva mmoja wa watalii alizawadiwa tochi na mgeni wake wa Ulaya. Dereva akaja nayo ndani ya kisanduku chake, amevaa fulana ya kampuni, anatembea kama bwana harusi. Tochi ilikuwa ndogo, mwanga wake unapasua macho hata juani, mwili wote plastiki. Mzee aliishika kwa muda wa kikombe kizima cha chai, akaagiza na cha pili, jambo ambalo hufanya kwa tochi ngumu tu.

"Tupa."

"Mzee! Hii ni ya Ulaya!"

"Na mimi nina binamu yuko Dodoma, ni mjinga vilevile. Moto wake utatokea wapi? Plastiki ni blanketi. Hii wamekutengenezea sweta kiwandani."

Dereva hakuitupa, nani angeitupa. Baadaye alirudi na kitu mfano wa mshumaa uliolala juani, na mzee, kwa ule utu wake wa ajabu, hakumcheka. Alimwuliza kama aliumia mkono, akamwagizia chai. Alicheka baada ya dereva kuondoka, na alicheka mpaka adhana ikamkatiza.

Maana alikuwa mtu wa sala. Alifunga duka kwa wakati, akatawadha kwa maji yangu ya moto, akarudi na uso wa amani. Amani hiyo ilidumu mpaka mteja wa kwanza. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na ugomvi wetu haukuwa wa dini hata siku moja. Tuligombania moshi wa jiko langu na mdomo wake. Ramadhani akifunga, nilimfichia futari nzuri. Krismasi alinunulia wateja wangu soda, kisha akawaeleza kasoro za taa za mti wangu.

Na nyumbani kwake, mtu huyu wa tochi zenye nguvu, aliwasha kibatari. Haki ya Mungu. Nilimkuta nacho. Hakuwa na tochi hata moja ya kwake. "Daktari anakunywa dawa zake?" aliniuliza. Akaondoka kwenda msalani gizani, nikasikia amegonga ndoo.

Jambo jingine lilikuwa sukari. Kwenye chai yake aliweka sukari ambayo mimi ningepikia maandazi ya harusi. Nilimsema, akasema Wachaga ni wachoyo. Nikaacha kumsema, akasema siku hizi simjali. Baadaye zahanati wakamwambia ana kisukari, akapunguza kijiko kimoja, akatangaza mji mzima kuwa ameacha.

Sasa niwaambie habari ya mafuta.

Kuna msimu alianza kuomba mafuta ya mbuzi jikoni kwangu, yale yanayoganda juu ya supu iliyolala. Alichukua donge dogo, akalibandika shingoni mwa tochi, akaiwasha, akaiweka juu ya meza. Mafuta yakiyeyuka kabla chai haijaisha, tochi inahema: chukua. Yakibaki yameganda, na taa inawaka kwa nguvu zote, moto umefungiwa ndani: tupa. Mkono haukugusa tena. Mji ulishangilia. Watu walisema mzee amepanda daraja, sasa ana maabara. Tatizo lilikuwa harufu. Kila tochi iliyopimwa Karatu ilinuka beberu. Mbwa waliwafuata wanunuzi hadi nyumbani wakilamba. Mlinzi mmoja alilalamika kuwa tangu apimiwe tochi, fisi wanamzunguka kwa upendo.

Nilicheka pamoja na wote. Nilidhani ni madoido ya mzee, maana madoido aliyapenda.

Mpaka asubuhi moja aliingia jikoni kwangu, anabishana nami kuhusu moshi kama kawaida, akaegemeza kiganja kwenye ukingo wa kikaango cha chapati. Kikaango kilikuwa juu ya moto. Alikuwa anaongea. Mimi nilisikia harufu kabla sijaona. Yeye aliendelea kuongea, kiganja pale pale, mpaka nikapiga yowe na kumvuta.

Alikitazama kiganja chake kama barua ya mtu mwingine. Ngozi imetoka malengelenge. Hakusema "aa".

"Jirani," nilimwambia, "husikii?"

"Tangu ule msimu wa mafuta," alisema. "Vidole kwanza. Sasa kiganja chote. Zahanati wanasema ni sukari."

Nilikaa chini kwenye gunia la mkaa. Mikono ile ndiyo iliyompa jina, na sasa ilikuwa mbao mbili tu. Nilimpaka dawa, nikamfunga kitambaa.

"Usiseme," alisema mwishoni. "Mchaga, nakuomba. Wakijua mkono umekufa, nani ataniletea tochi?"

Sikusema. Kila jioni nilimwekea donge la mafuta kwenye kibati, na kila asubuhi alilichukua bila asante, na mambo yakaenda.

Halafu zikaja tochi mpya, hizi zisizo na balbu ya glasi, zenye kitone cha njano mbele kama kiini cha yai dogo. Mwanga mweupe, unafika mlima wa pili. Na watu wakaambiwa hazina joto kabisa. Mzee alizichukia kwa dakika chache, kisha akazielewa kuliko waliozileta. "Mbele baridi, ni kweli," alisema. "Hii inachemkia matakoni. Kiini kile kinatupa moto wake nyuma. Kama nyuma hakuna chuma cha kuupokea, kwaheri."

Aliyezileta kwa fujo alikuwa mfanyabiashara mgeni kutoka Arusha, kijana wa miwani ya jua, mwavuli na spika. Alipanga meza yake siku ya mnada, kati ya wauza mitumba na wachoma nyama, akaanza kupiga kelele: "Taa baridi! Taa baridi! Haichemki, haiungui! Acha ushamba wa kupaka tochi mafuta!"

Hilo la mafuta lilimfikia mzee kwenye benchi langu, maana siku za mnada nilihamishia jiko na benchi kulekule. Akainuka. Nikamfuata na kibati, maana niliona jinsi anavyotembea.

"Lete moja niipime," alimwambia mgeni.

Watu walijaa mara moja. Mkulima wa Qurus alikuwa mbele kabisa, kichwa kimepita vyote. Mzee alininyooshea mkono nimpe mafuta. Yule kijana akacheka.

"Mshua, mafuta weka kando. Nani anataka tochi inanuka beberu? Nasikia zamani mkono wako ndiyo ulikuwa mizani. Au ni stori tu? Shika basi."

"Ashike!" watu wakaitikia. "Ashike mzee!"

Hawakuwa na ubaya. Walitaka kumwona akimwaibisha mgeni, kama zamani. Mzee alinitazama.

"Jirani, supu yako inapoa," nilisema. Ndilo neno pekee nililolipata.

"Ipoe," alisema. Akaishika tochi, akaiwasha, akaviringisha kiganja shingoni, akafumba macho.

Tulingoja. Kijana alizima hata spika. Mzee alisimama vile kama picha, na mimi niliona vidole vyake vinaanza kuwa vyekundu, na nikajua. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema anataka chai. Akafumbua macho.

"Baridi," alisema kwa sauti yake kubwa. "Nje baridi, moto umefungiwa ndani. Tupa."

Mkulima wa Qurus, kwa utii wake, aliipokea ili akaitupe. "Uwii!" Akaiachia ikaanguka. "Mzee wangu, hii inaunguza!"

Ikaokotwa kwa ncha ya shuka. Ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akapiga ukelele wake. Chuma cha shingo kilikuwa kinatoa joto vizuri kabisa, kama mzee alivyotufundisha miaka yote. Tochi ilikuwa nzuri. Muuzaji alidanganya kuwa haichemki, mpimaji akasema ni baridi, na pale mnadani aliyesema kweli alikuwa tochi peke yake.

Kicheko kilichofuata sitaki kukikumbuka. Kijana alicheka, ingawa hata yeye alionekana kushangaa kuwa anauza kitu kizuri. Mtu mmoja akasema, "Kumbe siku zote alikuwa anabahatisha!" Mzee alishusha mkono, akauficha ndani ya koti, akaondoka kati ya mbuzi na watu. Nilitaka kuwapiga wote kwa kibati. Nilimpiga mmoja.

Duka likafungwa. Mji ukanunua kwa kelele za spika. Baadhi ya tochi zilikuwa nzuri, nyingi zilikuwa takataka, na hakuna aliyejua ipi ni ipi, maana kila mtu alikuwa anatafuta ile baridi. Mkulima wa Qurus alinunua baridi kuliko zote. Ilimzimikia mahindini, nyati akiwa karibu kiasi cha kumsikia akitafuna, na asubuhi walimteremsha kwenye mti akiwa amekumbatia tawi na tochi yake, imevaa sweta jipya la mistari. Mkewe ndiye aliyekuja kwangu.

"Mama, babu yuko wapi? Mwambie arudi. Safari nyingine mti utakuwa mbali."

Nilimkuta jirani nyumbani kwake, mchana, amekaa nje kwenye kigoda, mguu mmoja umefungwa bendeji. Alikuwa amepungua. Alinikaribisha kwa chai isiyo na sukari, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilimweleza ya mkulima. Akasikiliza, akainamisha kichwa.

"Mkono umekufa, Mchaga. Nimwambie nini mtu anayekwenda mbele ya nyati? Nibahatishe?"

"Kuna mafuta."

"Mafuta waliyacheka. Na hata hivyo mafuta ni ya kusaidia. Mkono ndio ulikuwa unajua."

Nilikuwa nimebeba tochi mpya ya mlinzi wangu, nimeinunua kwa yule kijana, nataka neno. Nikaiwasha, nikamwekea mapajani. Akaisukuma. Nikairudisha. Akaisukuma tena, akageuka ukutani kama mtoto. Hapo hasira zilinipanda, hasira za miaka yote ya ule mdomo, na sasa umenyamaza wakati unahitajika.

"Mkono umekufa, na mwili wote umekufa? Pimia hata shavu, mzee mkaidi wewe!" Na nikambandika tochi shavuni, kwa nguvu, karibu nimwangushe na kigoda.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Alinyanyua mkono wake mzito, akaushika wangu, usiiondoe tochi.

"Ngoja," alisema.

Nikangoja. Chai ile chungu ilikuwa inapoa kati yetu.

"Inakuja," alisema taratibu. "Inatoka nyuma… inapanda shingoni. Pole pole. Vizuri. Iko hai hii. Mchaga, naisikia!"

Nililia. Naye alilia, ila alisema ni moshi, na hapakuwa na moto popote. Halafu kiburi kikamrudia, nami nikajua amepona.

"Lakini haiwezekani. Mwanamume mzima nibandike tochi shavuni mbele ya mnada? Nitaonekana mwendawazimu."

"Jirani, lini umekwenda mnadani? Siku hizi kila mtu ana kitu shavuni anapiga kelele peke yake."

Alinitazama. Nikamwona anawaza. Nilijuta kidogo palepale.

Mnada uliofuata benchi langu lilijaa. Wa kwanza alikuwa dereva wa watalii, na tochi inayong'aa. Mzee aliiwasha, akaibandika shavuni, akaziba sikio la upande wa pili kwa kidole, akapaza sauti hadi mbuzi wakageuka.

"Haloo!"

Watu wakaduwaa. Mzee akasikiliza, amekunja uso, chai inapungua. Mwisho akaiondoa, akamrudishia dereva kwa masikitiko.

"Hapatikani."

Kicheko kilisikika hadi kwa wachoma nyama, na safari hii alikuwa anacheka nao. Yule kijana wa Arusha alikuja kusimama nyuma ya watu, amevua miwani, na mkononi ana tochi zake mbili, anangoja zamu.

Kabla yake alikuwepo mkulima wa Qurus na mkewe. Mkulima alitoa tochi mpya, ya chuma, yenye mbavu, imevaa sweta la zambarau. Mzee alilivua kwa heshima, akampa mama alishike, akaibandika tochi shavuni. "Haloo?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mkulima alikuwa ameshika mkono wa mkewe, anatazama lile shavu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na mimi nilisahau chapati zikaungua. Mzee alifumba macho. Kikombe kikaisha.

"Yupo," alisema, akamrudishia tochi mkononi. "Nenda kalale shambani bila wasiwasi. Ila anasema hilo sweta ni dogo kwake, mkeo akufumie wewe."